Bolti za Babu

Nikikaza bolti ya gurudumu nahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi, na mteja amesimama pale ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Hapa Bwera wananiita Mwalimu wa Hesabu, mimi niliyeacha shule darasa la nne. Wacha wacheke. Nitaeleza kwa nini nahesabu, na waliohusika nitawataja kwa kazi zao, maana kazi zao wenyeji wanazijua kuliko majina. Kuna tajiri mwenye gari. Kuna bosi wa gereji kule Kasese. Kuna afande wa trafiki. Na kuna wa nne, huyo nitamfikia.

Kwanza magari yenyewe, bila hayo hakuna maneno.

Gereji yetu ya Kasese ilijulikana kwa magari ya kampuni moja tu, ile inayotengeneza magari ya wakubwa. Kampuni huyapa magari yake namba na herufi. Sisi tuliyapa ukoo. Babu ni lile la zamani, la pembe nne, milango mizito kama ya ghala, injini ya dizeli inayokohoa asubuhi halafu inafanya kazi mpaka jioni bila kulalamika. Nilipokuwa nakua kambini (baba yangu alikuwa koplo, ndiyo maana Kiswahili ndiyo lugha yangu), mkubwa wa kambi alikuwa na Babu mweusi, na sisi watoto tulikatazwa hata kulisogelea. Nimeshakuwa mtu mzima nikakuta jingine la aina ile ile Kabatoro, limekatwa mgongo, linabeba magunia ya chumvi. Chumvi ya kule inakula kila chuma. Lile ilikuwa inalila polepole.

Baba ni lile lililofuata, pana, refu, taa za nyuma zina mifereji kama ubao wa kufulia, ili tope lisifunike mwanga. Wakongomani walilipenda sana. Lilikuwa linatoka Beni na watu saba ndani na mbuzi kwenye buti, na mbuzi anashuka mzima. Mtoto ni lile la macho manne ya mviringo. Zuri, lakini chini ya milango linaoza, na waya zake zinavunjika kama biskuti. Mjukuu ni la sasa, laini kama sabuni iliyotumika. Linakaa juu ya mifuko ya upepo mahali pa springi, linaamka kwa kubonyeza, na likikosa kitu kidogo ndani linagoma mpaka kompyuta ije ilisalimie. Kuna na baba mdogo, lile sanduku la majenerali, ambalo sura yake haijabadilika tangu nizaliwe, vioo tu ndivyo vinazidi kuwa vyeusi. Kitukuu, linalotumia umeme, tumeliona kwenye simu.

Bosi wangu alikuwa na sheria moja. "Damu ni moja," alisema. Maana yake kiungo cha Babu kinaingia kwa Mjukuu. Nyuma ya gereji kulikuwa na Mababu wawili waliokufa, kwenye nyasi, na kila siku tuliwachuna. Honi ya Babu tuliifunga kwa Baba. Mifuko ya upepo ya Mjukuu ikipasuka, tuliweka springi za wazee wake, na mwenye gari anaondoka anacheka, kwa sababu mfuko mpya unatoka Kampala na bei yake unaweza kulia. Mara nyingi ilikubali. Sitadanganya. Watu walikuja kwetu toka Katunguru mpaka Mpondwe kwa sababu ilikubali.

Sasa tajiri. Huyu anavusha kahawa na kakao mpakani, mtu wa Butembo, upande wa Kongo, aliyehamia Bwera, na alikuwa na Mjukuu jeupe la kukodisha kwa harusi. Huku kwetu bibi arusi akitolewa kwao bila gari la namna hiyo mbele ya msafara, wifi zake watamkumbusha mpaka azeeke. Basi wiki moja kulikuwa na harusi kubwa, bibi arusi anachukuliwa Jumapili, na tajiri akaleta gari kwetu na rimu mpya za aluminiamu, zinang'aa, nene. Rimu zilikuja peke yazo. Bolti zake hazikuja.

"Patron," bosi akamwambia, "subiri siku mbili, nitaagiza bolti Kampala."

"Siku mbili? Mimi minasema leo. Kesho beko wanapamba gari. Wewe fundi gani, gari ya bibi arusi iende na magurudumu ya kubeba ndizi?"

Hilo 'beko' lake ni 'wako', Kiswahili cha kwao. Bosi akacheka. Akanigeukia. "Nenda kwa Babu, fungua bolti ulete."

Hapa msomaji asiyejua magari anisikilize kidogo. Magari haya gurudumu halina nati. Bolti inapita kwenye tundu la rimu na kuingia moja kwa moja kwenye chuma cha ekseli. Babu ana rimu za chuma, nyembamba kama sahani, kwa hiyo bolti yake ni fupi. Rimu ya aluminiamu ni nene kama mkate, inataka bolti ndefu. Lakini kichwa ni kile kile, meno ni yale yale, spana ni ile ile. Ukiiweka inaingia, na ukiivuta inakaza. Kwa macho huoni kitu.

Mkono unaona. Fundi mzee wa karakana ya kambi, aliyenifundisha kazi nilipokosa nafasi jeshini, alinizoesha kuhesabu mizunguko. Bolti ya gurudumu ilikuwa inakubali kumi mpaka ikaze. Ikikaza kabla ya saba, alisema, toa, tafuta kosa. Nilishahesabu miaka mingi mpaka mkono ulikuwa unahesabu wenyewe.

Siku hiyo ilizunguka mara nne ikakaza.

Nikaitoa, nikarudisha. Nne. Nikamtazama bosi, yeye amekaa na tajiri kwenye benchi wanakunywa soda.

"Bosi, hizi zinakula kidogo."

"Zimekaza?"

"Zimekaza."

"Basi. Damu ni moja. Au wewe umeenda kusomea Ulaya tukiwa tumelala?"

Vijana wote gereji wakaangua kicheko, na mimi pia nikacheka. Nikakaza ishirini zote. Nikasukuma kwa mguu juu ya spana, kama vile nguvu ingerefusha chuma.

Dereva wa tajiri alikuwa rafiki yangu. Mtu wa Nyakiyumbu, mpole, mrefu, anaendesha huku anaimba nyimbo za kanisa chini kwa chini. Kanisa lao pombe ni haramu kabisa, na yeye hata ile juisi ya ndizi ikishalala siku mbili alikuwa anaikataa. Mimi nilimwita Pasta. Yeye aliniita Afande, kunitania, kwa sababu ya kambi. Tajiri alimwagiza apitie duka moja pale Kasese achukue katoni sita za mvinyo wa harusi, na bosi akaniambia niende naye mpaka Bwera nisikilize rimu mpya njiani.

Tulitoka saa nne asubuhi. Kikorongo tukakata kulia kuingia barabara ya Mpondwe. Pasta aliendesha taratibu, kwa sababu ya chupa. Baada ya kilomita chache nikasikia tik, tik, tik, upande wangu wa mbele.

"Afande, unasikia?"

"Ni mawe kwenye tairi."

"Nisimame uangalie?"

Alishapunguza mwendo. Alishawasha taa ya pembeni. Nikafikiri kama nikishuka na spana nitaona nini, na nikiona nitamwambia nini tajiri anayetupigia simu kila baada ya dakika tano. Nikamwambia, "Twende, tutaangalia Kinyamaseke."

Hatukufika Kinyamaseke. Gurudumu lilitupita. Nililiona kwa macho yangu likikimbia mbele yetu peke yake, jipya, linang'aa, kabla sijaelewa ni letu. Halafu pua ya gari ikachimba lami, tukabingirika, na upande wa Pasta ukapiga zege la kalavati. Mifuko ya usalama ilifunguka yote, kampuni haikudanganya hapo. Lakini zege ni zege. Aliita jina la mkewe mara moja. Mimi mguu ulikuwa umegeukia nyuma, na mvinyo unamwagika juu yetu wote wawili, mwekundu, mpaka sikujua damu ni ipi.

Afande wa trafiki alifika, akanusa, akaandika: dereva alikuwa amelewa. Huyo ni wa tatu. Hakuhitaji kuinama aangalie gurudumu. Tajiri alikuja akasema ndiyo, siku hizi huyu kijana alishaanza kunywa. Alijua si kweli, lakini mwenye kuharakisha gari alikuwa yeye. Bosi akasema gari lilitoka kwake zima. Wote watatu walisema haya mimi nikiwa hospitali mguu umening'inizwa kwenye kamba, na nilipoanza kujua siku ni ipi, Pasta alishazikwa.

Walimzika bila watu wa kanisa lake. Wazee wa kanisa walisoma karatasi ya polisi, wakafuta jina lake kitabuni, na hawakuja kuomba. Mkewe alimzika na ndugu tu, nyuma ya shamba la kahawa. Na pale sokoni Nyakiyumbu watoto wake waliitwa watoto wa mlevi. Ndicho nilichokuta nilipotoka hospitali na magongo.

Nilimwendea bosi. Hakuinua hata uso kwenye injini.

"Wewe ulikaza," alisema. "Ukitaka nenda kaseme. Anza na hapo."

Nikatoka. Nilikuwa na hasira naye, lakini nilitoka.

Nilimwendea mjane. Nikamwambia mume wako hakunywa, magurudumu yalikuwa mabaya. Alikuwa anaanika kahawa, hakuacha kuitandaza.

"Shemeji, wewe umepona, kwa hiyo unaongea vizuri. Mimi mume wangu najua hakunywa. Wazee watakuuliza karatasi yako iko wapi. Una kitu cha kuonyesha?"

Sikuwa nacho. Gari lilikuwa ndani ya uzio wa polisi. Nilienda mara tatu, nikafukuzwa mara tatu. Nilifungua kibanda changu cha kuziba pancha Bwera, kwa sababu kazi ya kulala chini ya gari mguu haukukubali tena. Miaka miwili ikapita hivyo.

Halafu nikasikia uwanja wa polisi unasafishwa. Mabaki yote yanakatwa, yanauzwa chuma. Nikajua bolti zile zikishaenda kuyeyushwa, Pasta atabaki mlevi mpaka siku ya mwisho. Nikabeba spana ya magurudumu nikaenda.

Getini kulikuwa na afande mwanamke, mtu wa kaskazini.

"Wewe muzee, unapeleka hiyo chuma wapi?"

"Kuna gari hapo ndani, afande. Jeupe. Nilikuwa ndani yake."

Akaangalia mguu wangu. "Ulisahau kitu?"

"Nilisahau, ndiyo."

"Miaka mbili ndio unakumbuka. Mimi sikuandika hiyo kesi, aliyeandika alihamishwa. Ongea na hao wakongomani wa chuma, lakini haraka. Bosi wangu akikukuta hapa, mimi sijakuona."

Mkata chuma alikuwa mtu wa makamo toka Butembo, shati limechomwa cheche kila mahali. Amesimama mbele ya Mjukuu ameshika kiuno. Nusu ya nyuma alishaikata. Rimu tatu zilizobaki hakuzikata, maana nzima zina soko.

"Papa, beko wanasema weye fundi ya hii gari," aliniambia. "Mie sina spana yake. Ufungue rimu yote, ile unatafuta utabeba."

"Natafuta bolti moja."

"Bolti? Mutu anatembea na mguu wa kuvunjika juu ya bolti? Fungua, fungua."

Nikapiga magoti upande wa mbele kulia. Kutu ilikuwa imeshika kichwa tu. Nilipovunja kutu, nikaanza kuhesabu kwa sauti, bila kukusudia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ikadondoka kwenye kiganja. Ya pili, nne. Ya tatu, mkata chuma alishachuchumaa karibu yangu anahesabu na mimi, kwa Kifaransa. Alipofika nne kwa mara ya tano alipiga mluzi.

"Kumbe hii gari ilikuwa inatembea na imani tu."

Halafu akaangalia upande wa kushoto ambako hakuna gurudumu, akaingiza kidole ndani ya matundu ya ekseli. "Meno ya mbele imelika yote," alisema. "Ya ndani iko mupya. Haijaguswa hata siku moja." Akaniuliza kama aliyekufa alikuwa ndugu yangu. Nikasema ndiyo. Akakata kile kipande cha ekseli kwa moto wake, akakipoza kwenye ndoo, akanipa na bolti mbili. Hakuniuliza zaidi, na rimu zake nilimfungulia zote.

Kibandani kwangu nilikuwa na bolti ndefu ya halali, niliyoitoa kwa Mjukuu jingine. Nikaiweka mfukoni pamoja na hizi, nikapanda bodaboda mpaka Nyakiyumbu. Ilikuwa mchana, mjane alikuwa ametoka shamba, miguu bado na udongo. Nikaweka vyote mezani. Alichukua fupi, akachukua ndefu, akazisimamisha pamoja. Tofauti ni pingili moja ya kidole, hata mtoto anaona. Akachukua kile kipande cha ekseli, akaingiza ile ndefu polepole, akaizungusha. Mwanzoni ilicheza, halafu ikashika meno mazima ya ndani, ikaenda mpaka mwisho. Akaitoa. Akaingiza fupi. Ikacheza tu, ikaanguka mezani.

"Kwa hiyo ni hii," alisema.

"Ni hiyo."

"Na wazee wanaweza kufanya hivi kwa mikono yao?"

"Wanaweza."

Nilifikiri kazi yangu imekwisha. Nilikuwa tayari na maneno ya bosi, ya tajiri, ya afande, nimeyapanga miaka miwili.

"Shemeji, fundi akikaza hii, hajui kwamba ni fupi?"

Kuku alikuwa anadonoa mlangoni. Nikamwangalia kuku.

"Anajua," nilisema. "Inazunguka mara nne. Inatakiwa kumi."

"Nani alikaza?"

Nilisema ni mimi. Nilimwambia nilihesabu, nikacheka na wengine, nikakaza. Nilimwambia na ile tik tik. Kwamba mumewe alitaka kusimama, alishapunguza mwendo, na mimi ndiye niliyemwambia twende. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata padri wa hospitali aliyekuja kunisalimia kitandani. Nilipomaliza aliinuka akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Chai aliyoniwekea ilipoa. Aliporudi uso alikuwa ameunawa.

"Jumamosi utakuja kanisani," alisema. "Utasema yote. Ukisema ya bosi wako tu, watasema mafundi wamegombana. Useme na ya mkono wako, ndipo wataamini."

Jumamosi, siku yao ya ibada, nilikwenda. Mimi si wa kanisa lao, nilisimama mbele na gongo langu, watu wamejaa, watoto wa Pasta kiti cha pili wananitazama. Nikasema yote, kwa Kiswahili hiki changu cha kambi, mzee mmoja anageuza kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, sentensi kwa sentensi, kwa hiyo kila jambo nililisikia likisemwa mara mbili. Bosi. Tajiri. Afande. Halafu mimi. Wazee waliingiza bolti mmoja mmoja, na wa mwisho, mzee mnene ambaye ndiye aliyesoma karatasi ya polisi siku ile, aliingiza fupi mara tatu na mara tatu ikaanguka. Akaagiza kitabu. Akaandika jina mbele ya watu wote, na baada ya ibada walikwenda kuomba nyuma ya kahawa, msafara mzima.

Mimi sikuenda kaburini. Hakuna aliyenikataza. Mjane alipita karibu yangu nje, akafungua kitambaa, akatoa ile bolti ndefu akaniwekea mkononi.

"Hii ni ya kazi, kafanye nayo kazi," alisema. "Zile fupi zinabaki kwangu."

Bosi bado ana gereji na bado anachuna Mababu. Anawaambia wateja kwamba mguu mbovu umenitia wivu. Tajiri amenunua Mjukuu jipya zaidi, anapita mbele ya kibanda changu vioo vimefungwa. Afande wa trafiki sijui alipelekwa wapi. Karatasi yake iko palepale ilipo, kanisa ndilo lililobadilisha kitabu chake, polisi hawajabadilisha chao.

Mjane namwona siku za soko la Mpondwe. Ananijibu salamu, lakini shemeji haniiti tena. Mwezi uliopita bodaboda aliyopanda ilipata pancha karibu na kibanda, na kijana aliyeiendesha akaanza kuisukuma kwangu, mjane akamshika mkono wakaenda kwa fundi wa mbele. Niliwasikia wakipita. Nilikuwa katikati ya kazi, nimefika sita, nikaendelea kuhesabu.